Wanaobeba Ujumbe wa Watu Wasiowajua

Mwisho wa Aprili 2015, maandamano yalipoanza Bujumbura, WhatsApp, Viber na Facebook ziligoma kwenye simu. Intaneti yenyewe ilikuwepo, ila mlango wa kuongea na watu ulifungwa. Waliotoka Burundi mwaka ule wanakumbuka. Wenye kujua mambo ya simu walitafuta njia za pembeni, na leo hata bibi anayengoja sauti ya mjukuu anajua neno VPN. Iko njia nyingine ambayo haitajwi sana hapa kwetu, inaitwa Tor. Nataka kuandika juu ya watu wanaoishikilia, kwa sababu kompyuta zake nyingi zinaendeshwa na watu wa kujitolea.

Wazo lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani. Ndiyo, jeshi, msishtuke. Walitaka mtu atume ujumbe bila anayechungulia kujua nani anaongea na nani. Ni kama kitunguu: ujumbe unavalishwa maganda matatu, unapita kwenye kompyuta tatu za watu tofauti, na kila moja inamenya ganda lake tu. Ya kwanza inajua ujumbe umetoka wapi, haijui unakokwenda. Ya mwisho inajua unakokwenda, haijui nani katuma. Ya katikati inajua majirani zake wawili, basi.

Sasa, jeshi likitumia njia hiyo peke yake, kila anayetoka humo atajulikana kuwa ni mtu wa jeshi. Ndiyo maana raia walihitajika, tena wengi. Mtandao uliwashwa Oktoba 2002, programu ikatolewa bure, na mwisho wa 2003 vituo vilikuwa kama 12 hivi, karibu vyote Marekani, kimoja Ujerumani. Leo ni maelfu, na watumiaji ni zaidi ya milioni 2 kwa siku. Si dawa ya kila ugonjwa. Congo walipozima intaneti nzima tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, hakukuwa na kitu cha kupitisha.

Mwenye kituo analipa umeme au anakodi seva, na intaneti yake inaliwa na watu asiowajua mchana na usiku. Hiyo gharama ndiyo ndogo. Kubwa ni kwamba anwani za vituo ziko kwenye orodha ya wazi, mtu yeyote anaisoma, polisi pia. Lazima iwe hivyo, la sivyo programu kwenye simu yako itajuaje pa kupitia? Kwa hiyo anayetumia anajificha nyuma ya mtu aliyesimama peupe. Na kwa kuwa humo hupita pia matapeli na wahalifu, sitaficha hilo, lawama zote zinaonekana zimetokea kwa mwenye kituo cha mwisho. Yeye ndiye anayegongewa mlango.

Aliyesaidiwa hawezi kurudi kusema asante, maana hajui nani kambeba. Shukrani ikabidi itoke kwa wenzao. Shirika la Tor, lililoandikishwa 2006, lilikuwa likitoa tisheti: ukiendesha kituo chenye kasi miezi 2, unaandika, unatumiwa. Mwaka 2011 na 2014 shirika la Electronic Frontier Foundation likafanya kampeni ya kuwasha vituo vipya, na kwenye ile ya pili washiriki walipata stika na tisheti. Sisi wa kambini tisheti za miradi tunazijua, kuna watu kabati lao zima ni nembo. Lakini nyingi tunapewa kwa kuhudhuria semina. Hii ilikuwa ya kukaa macho miezi miwili.

Hata hivyo, kwangu mimi shukrani nzito zaidi ilitolewa kwenye maktaba. Julai 2015, maktaba ya Kilton katika mji mdogo wa Lebanon (si nchi ya Lebanoni, ni mji wa jimbo la New Hampshire, Marekani) iliwasha kituo, kwa msaada wa Library Freedom Project, mradi wa Alison Macrina. Ofisa wa wizara ya usalama wa ndani akawatonya polisi, polisi wakaja kuongea na maktaba, na maktaba ikazima. Tarehe 15 Septemba bodi ikakutana. Wananchi wa kawaida wakaja kusema wanakitaka kituo chao, na kikawashwa tena. Hao wakazi wengi wao hawakuwa na haja ya kujificha na mtu. Walisimama kwa ajili ya msomaji wa mbali ambaye hawatamwona.

Urusi mambo yalikuwa magumu zaidi. Aprili 2017 Dmitry Bogatov, mwalimu wa hisabati wa Moscow aliyekuwa na kituo cha mwisho nyumbani, alikamatwa akidaiwa kuandika maneno ya kuchochea ghasia na ugaidi. Maneno yalipitia kwake, mwandishi ni mwingine. Yeye yuko ndani, akaunti ile ile ikaendelea kuandika! Wenye vituo wa nchi mbalimbali wakabadilisha majina ya vituo vyao, wakavipa jina alilokuwa akilitumia mtandaoni. Julai alihamishiwa kifungo cha nyumbani, na Mei 2018 mashtaka yakafutwa. Katika miezi ile, huenda mtu fulani aliyefungua gazeti lililozuiwa nchini kwake alipita kwenye kituo chenye jina la mwalimu huyo, wala hakuliona.