Barafu ya Rwenzori na mstari wa hesabu

Wengi mlituuliza juu ya hesabu: mteremko wa mstari ni nini, na ile namba inayosimama peke yake mwishoni inatoka wapi? Wengine mlitaka historia. Basi leo tumechanganya vyote viwili, kwa sababu mlima tunaouona asubuhi mawingu yakiondoka, watu wa sayansi walishauchorea mstari wake.

Tuanze na bodaboda, ndipo tupande mlima. Tuseme dereva anadai shilingi 1,000 za kupanda tu, halafu 500 kwa kila kilomita. Kilomita 5 utalipa 3,500. Ukigawa 3,500 kwa 5 unapata 700, na hapo ndipo wengi wetu tulikosea ubaoni, tukaandika 700 kuwa mteremko. Hapana. Ukienda kilomita 10 utalipa 6,000, yaani 600 kwa kila moja. Namba inabadilika! Kile kisichobadilika ni 500, nyongeza ya kila kilomita. Huo ndio mteremko. Ile 1,000 ni pale mstari unapoanzia, kabla pikipiki haijatembea hata hatua. Kugawa moja kwa moja kunakupa mteremko pale tu ambapo mwanzo ni sifuri, kama kununua maharage kwa kilo.

Waliosoma Kongo waliandika y = ax + b. Waliosoma Uganda huandika y = mx + c. Ni kitu kilekile, msigombane.

Sasa twende mlimani. Mwaka 1888 Stanley aliiona theluji ya Rwenzori, na habari zikafika Ulaya. Lakini Wakonzo wa upande huu, na ndugu zao Wanande wa upande wa Kongo, walikuwa wameiona zamani sana. Theluji wanaiita nzururu, na jina Rwenzururu limetoka hapo. Mwaka 1906 akaja Luigi Amedeo, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, pamoja na mpiga picha Vittorio Sella. Walipanda hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, ambacho leo Uganda na Kongo wanagawana. Mizigo ilibebwa na wapagazi, na Wakonzo walikuwa kati yao, lakini baadhi ya vilele vikapewa majina ya malkia wa Ulaya.

Safari ile ilituachia picha na ramani. Watafiti wamekadiria kwamba mwaka 1906 barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 6.5, yaani hekta 650. Mwaka 2006 timu ya Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha London, pamoja na wenzao wa Uganda, walitoa hesabu ya picha za setilaiti: hekta 201 mwaka 1987, na hekta 96 mwaka 2003.

Chukueni kalamu. Kutoka 1987 hadi 2003 ni miaka 16. 201 toa 96 ni 105. Gawa 105 kwa 16: karibu hekta 6.6 kila mwaka. Hiyo ni kama viwanja 9 vya mpira vinavyopotea kila mwaka. Kwa kuwa barafu inapungua, mteremko una alama ya kutoa:

y = 201 − 6.6x

Hapa x ni miaka tangu 1987. Barafu itaisha lini? Weka y kuwa sifuri. 201 gawa kwa 6.6 ni kama 30 na nusu, yaani mwaka 2017 hivi. Watafiti wenyewe walisema barafu ingeweza kuisha ndani ya miaka 20. Mwaka 2017 ukapita, na barafu ilikuwa bado ipo, ingawa imebaki kidogo sana. Je, walidanganya? Hapana. Vipimo vyenyewe vilikuwa na nafasi ya kukosea, maana mawingu na theluji mpya huficha ukingo wa barafu. Tena barafu haikuapa kufuata rula. Mstari unatuambia: mambo yakiendelea hivihivi, mwisho ni hapa.

Kuna jambo jingine. Tumesikia watu wakisema barafu ikiisha mito itakauka. Watafiti walipima mto Mubuku, wakakuta barafu inachangia chini ya asilimia 2 ya maji yake. Yanayobaki ni mvua na maji ya ardhini. Kwa hiyo barafu ikiwa sifuri, mto hauwi sifuri. Ni kama ile 1,000 ya bodaboda: kuna kitu kilichopo tayari. Tunachopaswa kutunza sana ni msitu na mabonde.

Na hapa ndipo tunafika kwetu. Namba ya mwanzo inategemea umeanza kuhesabu wapi. Ukianza 1906 ni 650, ukianza 1987 ni 201. Mlima ni uleule. Sisi tuliovuka Mpondwe tukitoka upande wa Kasindi, karatasi zetu zinaanza kuhesabu siku ya kuvuka. Hapo x ni sifuri. Lakini y haikuwa sifuri siku ile. Mmoja alikuja na darasa la tano la sekondari kichwani, mwingine na ufundi wa kushona, mama mwingine na miaka ya biashara. Kijana akituambia "mimi naanza zero", tunamwuliza: umepima kuanzia wapi?

Kazi ya wiki hii: chora mstari kutoka 1906 (hekta 650) hadi 2003 (hekta 96). Mteremko ni ngapi? Mstari huo unasema barafu inaisha mwaka gani? Linganisha na jibu letu la 2017, halafu utuambie kwa nini ni tofauti. Njooni Jumamosi na daftari. Asiye na kalamu aje tu, tutagawana.