Boti Isiyooza: Historia Fupi ya Tunachokizindua na Kukisahau

Kwa miaka zaidi ya kumi, boti moja ya faibaglasi ililala chini ya mkungu, nyuma ya jengo la taasisi ya umma ambayo sitaitaja. Ililetwa na mradi wa wafadhili. Mradi ulipokwisha, injini iliondoka, ukafuata usukani, na hatimaye jua likafuta hata maandishi ya ubavuni. Nilipoomba ruhusa ya kuifufua pamoja na wanafunzi wachache na fundi mmoja wa vyombo, ofisa mhusika alinijibu kwamba boti hiyo imekufa. Neno hilo lilinifanya nirudi kwenye historia. Je, boti ya faibaglasi hufa?

Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kiwandani kwa wingi nchini Marekani katika miaka ya 1930. Mwaka 1942, Ray Greene wa Toledo, Ohio, aliunda boti ndogo kwa kuziloweka nyuzi hizo katika resini, gundi itokanayo na mafuta ya petroli ambayo ikishaganda haiyeyuki tena. Mwaka 1959, kampuni ya Pearson ilionyesha New York mashua yake ya Triton, yenye urefu wa futi 28, na biashara ikapamba moto. Kalibu moja iliweza kutoa boti nyingi zinazofanana, bila kusubiri mti ukue wala fundi achonge taruma moja moja. Waingereza walikwenda mbali zaidi: mwaka 1973 waliingiza kazini HMS Wilton, manowari ya kwanza duniani yenye gamba la faibaglasi, na mwaka uliofuata ikashiriki kutegua mabomu katika Mfereji wa Suez. Chombo hicho kilipostaafu hakikutupwa. Kiligeuzwa kuwa makao ya klabu ya mashua huko Essex.

Basi gamba hudumu. Fundi wetu alilithibitisha hilo kwa nyundo ndogo. Aligonga boti nzima, omo hadi tezi, akisikiliza. Karibu kila mahali sauti ilikuwa kavu na kali. Ilififia sehemu moja tu, kwenye ubao wa nyuma unaobeba injini. Tulipoikata ngozi ya nje tukakuta mbao iliyofichwa ndani imegeuka matope meusi. Maji yalikuwa yamepita kwenye matundu ya skrubu ambayo hakuna aliyejali kuyaziba. Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta. Hapa hapakuwa hata na ufa, palikuwa na tundu lisilozidi unene wa penseli.

Kazi yenyewe haikuwa ya miujiza. Tulitoa mbao iliyooza, tukaliacha gamba likauke kwa wiki kadhaa, tukaweka mbao mpya na kuifunika kwa matabaka ya nyuzi na resini, huku tukikamua mapovu ya hewa kwa rola. Sehemu ngumu ilikuwa msasa, kwa kuwa vumbi la kioo huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Tulivaa barakoa na mikono mirefu katika joto la pwani, na wanafunzi wakajifunza kwamba historia nayo ina jasho.

Wazee wetu wasingeshangaa. Jahazi la mbao lilijengwa kwa matarajio kwamba litatunzwa. Lilipandishwa pwani kwa majira, likatiwa kalafati kwa pamba na mafuta, likapakwa sifa, na ubao uliochoka ukang'olewa bila kuvunja chombo kizima. Utunzaji ulikuwa sehemu ya umiliki. Faibaglasi ilikuja na ahadi kwamba haiozi, na ahadi hiyo iliziridhisha sana ofisi zetu. Fedha za kununua zilipatikana, na za kukata utepe pia. Fungu la matengenezo likaonekana si la lazima. Tukadhani tumenunua kitu kisichohitaji watu.

Tunao mfano bora zaidi hapa nchini. Meli tunayoiita leo MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Kigoma. Mwaka 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza mafundi wake walizipaka injini grisi kwa wingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini Ziwa Tanganyika, ambako ilihudumia vizazi kadhaa vya wasafiri. Siisifu dola ya kikoloni kwa hilo. Ilijenga meli ile kwa ajili ya unyonyaji, kisha ikaitumia vitani. Ninachokitazama ni kitendo cha fundi ambaye, hata anapoizamisha mashine, anamfikiria atakayeifungua baadaye. Ni miradi yetu mingapi inayofungwa kwa grisi?

Swali hili si la boti peke yake. Kwa kuwa resini iliyoganda haiyeyushwi ikatumika upya, gamba lililotelekezwa hugeuka taka ya miongo mingi. Ufaransa ilianzisha mwaka 2019 utaratibu wa kuvunja boti chakavu unaochangiwa na watengenezaji. Sisi huzifuta katika daftari la mali, kisha tunaziachia jua na mawimbi. Kwa lugha ya ofisi, kitu "hufa" siku kinapokosa fungu na mtu wa kukisimamia, hata kama mwili wake ni mzima. Mtumishi wa umma anayesoma makala hii aitembelee bohari yake na ajiulize ni vingapi humo vimekufa kwa namna hiyo.

Boti yetu ilirudi majini asubuhi moja bila utepe wala hotuba. Haikuvuja. Wiki ileile niliandika barua nikiomba fungu dogo la kuikagua na kuipaka rangi kila mwaka, na jina la mtumishi mmoja atakayewajibika nayo. Barua hiyo bado haijajibiwa.