Kushusha, Kuzuia, Kudhibiti: Maneno ya Dawa za Presha

Ugonjwa mmoja, majina mawili. Vitabuni tunasoma shinikizo la juu la damu; nyumbani na kwenye foleni ya kliniki tunasema presha. Silipingi neno presha. Ni fupi, limezoeleka, na mgonjwa hulielewa papo hapo. Ila limebebeshwa mengi. Aliyesongwa na wadai husema, "Msinipe presha". Aliyekasirika husema presha imempanda, hata kama hajapimwa. Matokeo yake, wengi huamini kwamba presha ni kitu cha kuhisi, ilhali shinikizo la juu mara nyingi halina dalili yoyote. Kipimo ndicho huliumbua.

Utata huo huhamia kwenye dawa. Vidonge vyote tunaviita "vya presha", kana kwamba vinafanya kazi moja. Amlodipini hulegeza mishipa ili damu ipite kwa wepesi. Haidroklorothiazidi huzifanya figo zitoe chumvi na maji zaidi. Atenololi huugusa moyo wenyewe: hupiga polepole zaidi, na kwa nguvu iliyopungua. Hapo istilahi inapaswa kuwa makini, kwa sababu mapigo na shinikizo ni vitu viwili. Mapigo huhesabiwa kwa dakika. Shinikizo ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa. Mtu anaweza kuwa na mapigo ya kawaida kabisa huku shinikizo lake liko juu.

Kundi la atenololi huitwa vizuiabeta, jina linalohitaji kufumbuliwa. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alieleza kwamba homoni za jamii ya adrenalini hufanya kazi mwilini kupitia vipokezi vya aina mbili, akavipa majina ya herufi za Kigiriki: alfa na beta. Vya beta ndivyo vinavyouhimiza moyo uende mbio. Mskoti James Black akatafuta kemikali ya kuvikalia vipokezi hivyo ili adrenalini ikose nafasi. Propranololi ikaingia hospitalini katika miaka ya 1960, na mwaka 1988 Black akawa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Kwa hiyo kinachozuiwa ni amri inayoufikia moyo. Kitenzi "kuzuia" kimekaa mahali pake.

Tena vipokezi vya beta havipo moyoni tu. Vipo pia kwenye njia za hewa, ndiyo maana propranololi inaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Mwenye kisukari anayetumia insulini naye anaweza asiyasikie mapigo ya kasi ambayo humwonya kwamba sukari imeshuka mno. Jina "dawa ya presha" halimdokezei yeyote kati ya hao wawili hatari hiyo.

Kitenzi kinachonitia wasiwasi zaidi ni "kushusha". Mzigo ukishashushwa, kazi imekwisha. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba kidonge kinashusha presha, kisha akapimwa na kukuta imeshuka, ana kila sababu ya kukiacha. Lakini kizuiabeta kikikatizwa ghafla, moyo unaweza kuanza tena kwenda mbio na kifua kuuma. Kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, hata shambulio la moyo linaweza kutokea. Ndiyo maana dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, chini ya uangalizi wa daktari. Neno linalofaa ni kudhibiti, maana anayedhibiti hubaki kazini kila siku.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe au mzazi wako mnatumia dawa hizi, someni pakiti. Jina likiishia na -olol, kama atenolol, bisoprolol au propranolol, basi kwa kawaida hicho ni kizuiabeta. Mtajie kila tabibu jina hilo, mweleze kama una pumu au kisukari, wala usiiache dawa kabla ya kumuuliza.