Jinsi Vyama vya Waafrika Vilivyoanza katika Tanganyika

Sisi watu wa Ufipa tumesikia habari za utawala tangu utoto wetu. Wazee husimulia jinsi wanawake wageni walivyofika Milanzi siku ile mwene alipokuwa mawindoni, wakapata kiti chake. Aliporudi alikubali wao waitawale nchi, ila Milanzi pakabaki pake yeye na uzao wake. Habari hiyo yatufundisha ya kuwa mgeni akitawala, mwenyeji hakosi neno la kudai. Basi na tuangalie jinsi neno hilo lilivyoanza kudaiwa katika Tanganyika nzima, zamani za Waingereza.

Mwaka 1922, katika mji wa Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Hawakuanza kwa kudai nchi. Walitaka mahali pa kukutana, kusoma magazeti na kucheza mpira, Wakristo kwa Waislamu. Lakini watu wa makabila mengi wakiketi pamoja na kusemezana kwa Kiswahili, hawakawii kuona ya kuwa taabu ya mmoja ni taabu ya wote.

Mwaka 1925 alifika Gavana Donald Cameron, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa machifu mamlaka juu ya watu wao chini ya serikali. Mpango huo ulimtazama kila mtu ndani ya kabila lake. Je, karani au mwalimu aliyekaa mbali na kwao, apeleke shauri lake wapi? Mwaka 1929 kikaundwa Dar es Salaam chama kilichoitwa African Association, kwa ajili ya Waafrika wote pasipo kuuliza kabila. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, naye mwalimu. Katibu alikuwa Kleist Sykes.

Chama hicho kilipata matawi mijini, na mwaka 1948 kikaitwa Tanganyika African Association. Lakini kilikuwa na udhaifu: wenye kusoma walikuwa wengi ndani yake, wakulima wachache. Barua nzuri za makarani peke yake hazikuweza kuigeuza nchi.

Tawi la Tabora lilipata msaada wa Julius Nyerere, aliyefundisha huko katika shule ya Mtakatifu Maria, shule ya Mapadre Weupe. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama, na tarehe 7 Julai 1954 chama kikageuzwa kuwa TANU. Ndipo wanavijiji nao wakaingia kwa wingi, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru wake.

Enyi waalimu, tusiudharau mkutano mdogo wa watu wachache. Wala tusisahau upande wa pili: mwenye kujua kusoma asipomwita jirani yake mkulima, shauri lake hukaa karatasini.