Jina la Nyaatha: Wasifu wa Mtakatifu Kabla ya Maandishi

Wasifu wa watakatifu ni utanzu mkongwe katika maandishi ya Kikristo. Perpetua na Felicitas waliuawa Karthago, Afrika ya Kaskazini, mwaka 203, na mateso yao yakaandikwa kwa Kilatini. Zama hizo watu ndio waliotangulia kuwaenzi wafu wao, kisha askofu akaridhia. Mwaka 1234, sheria za Papa Gregory IX ziliithibitisha haki ya kutangaza watakatifu kuwa ya Roma peke yake. Tangu hapo wasifu ukawa pia ushahidi wa kesi. Je, sauti ya watu ilinyamaa? Mfano wa Nyeri waonyesha kinyume.

Sista Irene Stefani alizaliwa Anfo, Italia ya Kaskazini, mwaka 1891, akafika Kenya mwaka 1915 pamoja na Wamisionari wa Consolata, ambao walikuwa wameanza kazi Ugikuyu mwaka 1902. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi katika hospitali za Voi, Kilwa na Lindi. Kuanzia mwaka 1920 aliishi Gikondi, akifundisha na kuzuru wagonjwa vijijini. Huko alimhudumia mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba 1930.

Wenyeji walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Neno la Kigikuyu *tha* lina maana ya huruma. Jambo hili lastahili kuzingatiwa. Katika misheni, Mwafrika aliyebatizwa aghalabu alipewa jina la mtakatifu wa Ulaya. Hapa mkondo uligeuka: Mzungu alibatizwa upya na wanakijiji, kwa lugha yao, nao hawakumwomba mtu idhini.

Kadhalika, wasifu huu haumhusu mtu mmoja tu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa vitani, wengi kwa maradhi, na majina ya wengi wao hayakuhifadhiwa. Lugha imewakumbuka kwa jumla tu: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni matamshi ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Msomaji anayemtazama muuguzi bila kuwatazama waliolala vitandani amesoma nusu ya habari.

Tarehe 23 Mei 2015, mjini Nyeri, Nyaatha alitangazwa Mwenye Heri, daraja linalotangulia lile la Mtakatifu. Muujiza uliokubaliwa ulihusu maji ya kisima cha ubatizo huko Nipepe, Msumbiji, mwaka 1989, ambapo watu walijificha kanisani kwa sababu ya vita.

Hati za kesi ziliandikwa baada ya jina, si kabla yake. Hivyo basi, mtafiti wa utanzu huu hana budi kuanza na majina na masimulizi ya vijijini, ndipo aziendee nyaraka za Roma. Hukumu iliyotolewa mwaka 2015 ilikuwa imekwisha kutamkwa Gikondi, kwa neno moja la Kigikuyu.