Nipe Mji

Nikiwa darasa la nne, mwalimu alitutegea kitendawili kuhusu kisima kilichoning'inia juu, chenye maji yasiyochotwa kwa ndoo. Nilinyoosha kidole kabla ya wenzangu wote. "Wingu," nikajibu, kwa uhakika wa mtoto aliyekulia Kipili, ambako mawingu hutanda juu ya Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kongo, nasi hukimbilia kuanua dagaa kabla hayajamwaga mzigo wake.

Darasa lilicheka kwa sababu mwalimu alicheka. Jibu lilikuwa nazi. Mimi nazi nilikuwa nimeiona mara moja tu, tena imechorwa kitabuni.

"Nipe mji," mwalimu akasema, kama desturi inavyotaka mtu akishindwa. Nikampa Kipili. Akasema huo si mji. Nikampa Sumbawanga, akatikisa kichwa. Nilipompa Dar es Salaam akaupokea, ndipo akatamka jibu. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba mafumbo ni ya watu wengine.

Likizo iliyopita nilirudi Kipili na kitabu cha mafumbo ya maneno ya Kiingereza, yale ya miraba myeusi na myeupe. Si chemsha bongo ya kawaida ya magazetini, inayokuuliza mji mkuu wa nchi fulani ukaandika ukamaliza. Haya ni yale ya Waingereza, ambayo kila dokezo lina sura mbili: unasoma sentensi inayozungumzia bustani, kumbe jibu ni chombo cha muziki. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Alikihangaikia kitabu kile jioni nzima, kisha akakifunga.

"Dada, haya si yangu. Si unajua, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mimi sijaligangua hata moja."

Alisema akicheka, lakini mtu anayesubiri matokeo hacheki bure. Nikaamua kumfundisha, na kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kikwazo cha ziada, nikatunga madokezo yangu kwa Kiswahili. La kwanza lilikuwa hili, na tarakimu iliyo kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu:

Mnyama wa porini juu ya nyumba (3).

Akamwona chui darini. Nikamwambia asitazame picha, atazame maneno. Dokezo la namna hii lina sehemu mbili, na kila sehemu inaelekeza kwenye jibu lilelile. "Mnyama wa porini" ni maana ya kwanza. "Juu ya nyumba" ni maana ya pili. Neno gani lenye herufi tatu linabeba zote? Alikaa kimya, kisha akapiga paja: paa.

La pili:

Samaki wavurugwa msimu wa mvua (6).

Hapa sehemu moja ni maana ya jibu, na maana hukaa mwanzoni au mwishoni mwa dokezo, haikai katikati. Sehemu iliyobaki ni maelekezo ya kulijenga jibu. Neno "wavurugwa" ni ishara kwamba kitu fulani kinachanganywa. Kinachochanganywa ni herufi za jirani yake, "samaki". Zichanganye herufi hizo sita hadi upate msimu wa mvua: masika. Aliziandika mchangani kwa kijiti, akazihamisha moja moja, akahakikisha hakuna iliyobaki wala iliyozidi.

Nilipoona ameshika njia, nilirudi kwenye methali yake. Kwa sababu ninasoma historia, methali hiyo ilikuwa imeanza kunisumbua. Inasema anayefumbua ni mwerevu na asiyefumbua ni mjinga. Je, kumbukumbu zetu wenyewe zinakubali?

Kisa maarufu kuliko vyote cha fumbo katika Kiswahili ni cha Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini ya Kenya. Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Zanzibar, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Liyongo yuko gerezani, amefungwa minyororo, anasubiri kuuawa. Kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mama yake, lakini walinzi hunyang'anya kila kilicho kizuri. Liyongo anamwimbia Saada ujumbe wa kupeleka nyumbani. Mama anauelewa: anaoka mikate mizuri, na mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa anaficha tupa. Walinzi wanakula mizuri na kumwachia mfungwa ule wa makapi. Usiku wa ngoma ya gungu, kelele za ala zinafunika sauti ya tupa ikikata chuma.

Tumezoea kusema walinzi walikuwa wajinga. Mimi sioni ujinga wao uko wapi. Walitumia akili ya kawaida ya mwenye njaa na mamlaka: chukua kizuri, acha kibaya. Hawakufumbua kwa sababu hawakuwa wa nyumba ile. Mama alifumbua kwa sababu alimjua mwanawe, na Saada alikuwa daraja kati yao. Mtumwa, ambaye mji mzima ungemhesabu wa chini kabisa, ndiye aliyebeba maneno yaliyomwokoa shujaa. Katika kisa hiki fumbo halipimi akili. Linachagua msikilizaji.

Ushahidi mwingine ni mchezo wa kinyume. Steere huyohuyo, katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Zanzibar, kilichotoka pia 1870, aliweka mifano ya lugha hiyo ya siri: silabi ya mwisho ya neno inahamishiwa mwanzoni, hivyo "nyumba" inakuwa "mbanyu". Ukiijua kanuni, unaelewa. Usipoijua, uwe profesa uwe mvuvi, unasikia kelele tu. Nikamtungia mdogo wangu dokezo kwa kanuni hiyo:

Lima kinyume, upate utajiri (4).

Akageuza herufi moja moja, akapata "amil", akakunja uso. Nikamkumbusha kwamba Kiswahili hutembea kwa silabi. Li-ma. Ma-li. Akasema, "Kumbe mali ilikuwa ndani ya lima muda wote," akanitaka niongeze lingine.

Sasa tuvuke kwenda walikotoka watunzi wa kitabu kile. Mwaka uleule wa utenzi wa Kijumwa, tarehe 21 Desemba 1913, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha fumbo la kwanza la maneno ya kukatizana katika gazeti la New York World. Madokezo yake yalikuliza moja kwa moja. Ni Uingereza, katika miaka ya 1920, ambako watu walianza kuyapa sura mbili. Mtungaji aliyetisha kuliko wote alikuwa Edward Powys Mathers, aliyeandikia gazeti la Observer tangu 1926 kwa jina la Torquemada, lililokuwa jina la mkuu wa mahakama ya mateso ya Kanisa huko Hispania. Wasomaji walijua wanakwenda kuteswa, na kulijaza fumbo lake kulitaka uwe umesoma alichosoma yeye.

Mabadiliko yaliletwa na walimu. A. F. Ritchie, mwalimu mkuu wa shule, alijiita Afrit, jina ambalo msomaji wa Kiswahili anamtambua mwenyewe: afriti, yule jini. Mwaka 1949 aliweka kanuni ambayo watungaji hukumbushana hadi leo. Kwa maneno yangu: mtungaji ana ruhusa ya kukupotosha kwa anachoonekana kusema, lakini ukilivunja dokezo neno kwa neno, lazima liwe limesema kweli. Derrick Macnutt, mwalimu mwingine, aliyetumia jina la Ximenes, aliifafanua kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1966. Maana yake kwa anayeanza ni kubwa. Huhitaji kuwa wa nyumba ya mtungaji. Kanuni ziko wazi, na kila neno la dokezo lina kazi. Mgeni naye anaweza kuingia.

Hata hivyo, tamaa ya kutumia fumbo kama mizani ya akili haikufa. Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph liliwaita wasomaji London kushindana kulijaza fumbo lake ndani ya dakika 12. Baadaye baadhi ya washiriki walitafutwa na serikali kwa kazi ya siri ya kuvunja mawasiliano ya adui. Kisa hiki husimuliwa sana kama ushahidi kwamba mwerevu huligangua.

Lakini mwaka huohuo kuna kisa cha karibu nasi ambacho husimuliwa kidogo. Baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo mwezi Aprili 1942, Waingereza walikihamishia Mombasa kitengo chao cha kusoma mawasiliano ya siri ya Wajapani, wakakiweka katika Shule ya Allidina Visram, karibu na bahari. Hapo ndipo walipouvunja mfumo wa siri wa meli za biashara za Japani, ulioitwa JN-40. Walikuwa watu hodari, lakini mlango waliufunguliwa na kosa la karani. Ujumbe mmoja ulitumwa bila kutaja mahali meli ilipo, kisha ukatumwa tena, safari hii mahali pakitajwa, kwa ufunguo uleule. Walipoziweka nakala mbili kando kwa kando, tofauti yake ikawaonyesha mfumo ulivyofanya kazi. Hata hodari wale walihitaji kitu cha kulinganisha, kama mdogo wangu na herufi zake mchangani.

Hapo nikaelewa kilichonikera darasa la nne. Si kwamba nilikosa. Kitendawili kile kilitoka katika nyumba yenye minazi, nami nilihesabiwa mjinga kwa kutoka katika nyumba yenye mawingu. Na bado desturi yenyewe ilikuwa na haki ambayo mwalimu aliitimiza bila kuijali. Ukishindwa unatoa mji, na aliyetega, akishaupokea, anawajibika kusema jibu. Mji si adhabu tu. Ni malipo ya kufunguliwa mlango. Waliotuachia vitendawili walijua kwamba fumbo lisiloelezwa mwishoni ni dhuluma, kwa hiyo wakaweka maelezo ndani ya mchezo wenyewe. Mwalimu hakukosea kuupokea mji wangu. Alipaswa tu kunionyesha kisima kile kiko wapi ndani ya nazi, na labda kukiri kwamba wingu nalo lina maji.

Jioni ya mwisho kabla sijapanda gari la Namanyere kuelekea Sumbawanga, mdogo wangu aliniletea karatasi. Alikuwa ametunga la kwake.

Hawi nguli asiyeona ndani maji yaliyo juu (5).

Nilitafuta cha kuchanganya, sikuona ishara yake. Nikajaribu kinyume, hola. Nikafikiria mvua, umande, hata nazi, ingawa ina herufi nne. Giza liliingia, taa za wavuvi zikaanza kuwaka ziwani.

"Nipe mji, dada."

Nikampa Dar es Salaam. Akakataa. Nikampa Nairobi. Akakataa.

"Nipe Kipili."

Nikampa. Akaupokea, akachukua kalamu, akanieleza kama nilivyomfundisha. Maana iko mwishoni: maji yaliyo juu. Ishara ni "ndani". Tazama basi ndani ya "hawi nguli", ruka herufi mbili za mwanzo, acha mbili za mwisho. Akapiga mstari chini ya zilizobaki: WINGU.