Uta na Upinde

Karibu na mji wa Nakuru pana kilima chenye mawe kiitwacho Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Katika miaka ya 1937 na 1938 Mary Leakey alichimba hapo, akafukua makaburi, vigae vya vyungu, na vipande vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Jiwe hilo ni zao la moto wa volkeno, nalo hupatikana kwa wingi katika mlima Eburru, upande wa kusini. Kabla ya chuma kujulikana, watu wa Bonde la Ufa walilipasua wakapata makali kama ya wembe. Wataalamu wengi huamini kwamba baadhi ya vipande vidogo vilikuwa vigumba vya mishale.

Lakini silaha iliyoirusha mishale hiyo haikubaki. Mti huoza, na ugwe huoza upesi zaidi. Basi tutajuaje habari za kitu kilichokwisha kuliwa na udongo? Hapo lugha yaweza kutusaidia.

Kiswahili kina majina mawili ya silaha hiyo. Upinde ni jina lisilo na siri: latokana na kupinda, kwa kuwa mti hupindwa ndipo ukafungwa ugwe. Kwa sababu iyo hiyo twasema upinde wa mvua. Jina la pili ni uta, na wingi wake ni mata. Hili siku hizi husikika kwa nadra, na mtu aweza kudhani limekufa. Lakini Mkikuyu husema uta, na Mkamba vivyo hivyo. Mbemba wa Zambia husema ubuta. Na Mshona wa Zimbabwe, mbali kusini, husema uta. Hawakuazimana neno hilo. Walilirithi kwa wahenga waliokuwa na lugha moja kabla ya kutawanyika. Na kwa kuwa wahenga hao walikuwa na jina la uta, bila shaka waliutumia.

Wakalenjin, ambao ni wenyeji wa bonde hilo pia, huuita kwanget. Lugha yao ni ya ukoo mwingine, na jina lao lina historia yake.

Je, waliozikwa Hyrax Hill waliutaja kwa jina gani? Mawe hayasemi, wala hakuna kabila la leo liwezalo kuyashika na kusema, “Haya ni yetu peke yetu.” Jambo hili si dogo. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi, mishale ilirushwa tena Nakuru, jirani akimlenga jirani, na ugomvi wa ardhi ulikuwa miongoni mwa sababu.

Kwa hiyo, kijana, waulize wazee wa kwenu majina ya uta, ugwe, podo na kigumba, uyaandike. Kisha mwulize mwenzako wa kabila jingine, uyaandike na yake kando ya yako.